Wachezaji wako wamemkwaza mungu mbaya: jinsi ya kupanga kisasi bila kuua kampeni

Wiki iliyopita jamaa yangu mmoja anayeendesha D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kete) kwa mara ya kwanza alinitumia voisi ya dakika saba, saa tano usiku, kisa wachezaji wake wameingia Water Queen's House pale Baldur's Gate, mji wa ndani ya mchezo, ndo hekalu la Umberlee, wamebeba sadaka zote na mmoja akaikojolea madhabahu eti kuchekesha watu. Wako levo 5. Yeye alishaandika jibu: sesheni ijayo wimbi linameza meli, kila mtu anapiga sevu (kete ya kujinusuru), ukikosa umekufa. Nikamwambia kaka, subiri kwanza. Tukakaa kwenye simu mpaka saa nane. Haya ndo niliyomwambia, nimeyapanga kidogo tu.

Nasema mungu kwa herufi ndogo, tusije tukagombana. Na nachukulia unajua kuendesha sesheni, mambo ya kete sielezi.

Hatua ya 1: Andika kosa kwa sentensi moja, kwa sauti ya mungu mwenyewe

"Wameniibia mbele ya watu wangu." Au "wameniwekea nadhiri wakaikimbia." Hayo ni makosa mawili tofauti na hayalipwi sawa. Ukishaandika songa mbele.

Hatua ya 2: Jua huyu mungu anaishi kwa nini

Umberlee ni mungu wa kike wa bahari kule Forgotten Realms, ulimwengu wa mchezo wenyewe, na hakuna baharia anayempenda. Wanamwogopa, wanatupa vito majini ili apoe wapite. Woga ndo chakula chake. Kwa hiyo zile dhahabu zilizoibwa wala hazimuumi, kinachomuuma ni kwamba vijana wanne wamemwibia na bado wanatembea mjini wanacheka, sasa kesho nahodha gani atatupa johari yake baharini? Kisasi chake lazima watu wa bandarini wakione.

Lolth, mungu wa buibui, yeye ana mambo ya mitihani. Drow (watu wake wa chini ya ardhi) akifeli anageuzwa drider, nusu buibui, halafu anaachwa hai azunguke hivyo hivyo wenzake wamtazame. Shar wa giza na upotevu yeye ni mtu wa siri, atakutolea kitu kichwani mwako na wala hujui umekosa nini. Ukichukua kisasi cha Lolth ukampa Umberlee wachezaji watahisi kuna kitu hakikai hata kama hawawezi kukwambia ni nini.

Hatua ya 3: Asije mwenyewe

Ana watu wa kutuma. Halafu miungu wa ulimwengu ule walishaonja kutembea duniani kama binadamu, mwaka 1358 kwa kalenda yao, na Bane, Bhaal na Myrkul wote wakafia huko. Tuma makuhani.

Hatua ya 4: Sahihi, yaani alama ya kuonyesha ni yeye (hapa ndo pa kukaa)

Hii hatua ilinila mimi sesheni nne, kila moja masaa matatu, kwa hiyo nivumilieni.

Meza yangu ya zamani walimwekea Umberlee nadhiri katikati ya dhoruba: tuvushe salama tutakupa jiwe la zamaradi. Wakavuka. Wakauza zamaradi wakanunua farasi. Mi nikafurahi kweli kweli, nikaandika kurasa na kurasa. Sesheni ya kwanza mvua haikatiki. Ya pili kisima cha kijiji kinatoa maji ya chumvi. Ya tatu samaki wanaoza kabla hawajafika sokoni na farasi mmoja amekufa maji kwenye dimbwi la kufika magotini. Kichwani mwangu ilikuwa wazi kama mchana, ni Umberlee huyo jamani! Wao wakasema kuna mdruidi (mchawi wa mambo ya asili) mbaya msituni. Sesheni ya nne nzima wakamsaka mdruidi mmoja mzee niliyemtunga pale pale kwa sababu waliuliza kama yupo, wakamuua, wakagawana vitu vyake, afu mvua ikaendelea kunyesha na mmoja akaniuliza mimi mwendesha mchezo (DM), "DM, leo umeamka vibaya?"

Adhabu ambayo mtu hajui imetoka kwa nani ni mkosi tu. Na mungu anayeishi kwa kuogopwa hawezi kukaa mafichoni, anataka ujue ni yeye, kuliko hata anavyotaka uumie. Kwa hiyo siku hizi kabla sijamtoa mtu hata HP (pointi ya uhai) moja nahakikisha sahihi imeonekana mara tatu. Ile ile, usibadilishe badilishe ukijiona fundi.

Alama ya Umberlee ni wimbi linalojikunja kushoto na kulia. Basi iwe hiyo. Asubuhi doa la chumvi kwenye mto wa kulalia, umbo hilo. Jioni povu la pombe kwenye kikombe, umbo hilo. Siku ya tatu ile sarafu ya wizi ikitolewa dukani imelowa, ukiifuta inalowa tena, na muuza duka anarudisha mkono wake. Hiyo ya sarafu ndo naipenda kuliko zote kwa sababu inaunganisha kosa na adhabu bila mimi kufungua mdomo.

Angalizo, na ni mengi:

Usiombe kete ili waione. Mi nilikuwa naomba kete ya Religion (ujuzi wa dini), wanapata 6, basi taarifa imekufa hapo na mpango wangu wote umekufa nayo. Sahihi wape bure. Kete iwe ya kujua zaidi, mfano kwamba chumvi hiyo maana yake wana siku tatu.

Mvua si sahihi. Mvua ni mvua tu, hata kama umeielezea kwa sauti nzito na muziki nyuma. Mvua inayonyesha ndani ya chumba kimoja cha nyumba ya wageni, juu ya kitanda kimoja, hiyo sawa.

Awepo mtu mmoja wa kulitamka jina, maana wachezaji husahau majina, wewe umeishi na huyo mungu mwezi mzima wao wamemsikia mara moja wakiwa wanakula chipsi. Mimi namtumia bibi muuza samaki. Anawaangalia viatu, anasema, "Wajukuu zangu, nyie ndo mmeingia kwa Umberlee? Basi msisimame karibu na beseni langu." Inatosha. Ila awe mmoja au wawili, mji mzima ukianza kuwaambia inageuka vichekesho.

Ukimtumia mungu wa siri kama Shar, doa ukutani halimfai. Kwake sahihi ni pengo: mchoro wa familia una nafasi tupu katikati, kitanda cha tano kimetandikwa na wao wako wanne. Ni ngumu zaidi, usianze na huyo.

Mchezaji akikuuliza pembeni kabisa, nje ya mchezo, "hii inatokana na lile hekalu?", mjibu ndiyo. Hakuna ushindi wowote kwa DM kumficha mtu alichokwisha kukigundua.

Na la mwisho, ongea nao kabla kuhusu mambo wasiyoyataka mezani. Mmoja wangu aliwahi kufiwa na ndugu baharini, mi sijui, nikaanza kumwelezea karekta wake anavyozama, maji yanavyoingia puani. Akazima kamera. Nilijuta sana. Tangu hapo nauliza siku ya kwanza, na mtu akisema kuzama hapana basi hata Umberlee wangu hamzamishi mtu, ana mengine mengi ya kufanya.

Hatua ya 5: Panda ngazi taratibu

Chora duara, ligawe vipande sita, liweke mahali wote wanapoliona. Mi natumia daftari la mistari na kalamu ya wino, tukicheza kwa Discord napiga picha naipini juu. Zile apu za kupangia kampeni nimejaribu kama tatu, zote zinakufanya ujaze fomu kama uko benki, na siku intaneti ikikata huna kampeni. Daftari halikati. Wakizidisha dharau au siku zikipita bila kulipa, jaza kipande.

Vipande viwili vya mwanzo ni watu tu, hakuna uchawi wowote. Habari imefika bandarini na hakuna nahodha anayewataka. Wakilipa mara tatu wanapata mmoja mwenye njaa, na huko katikati bahari inachafuka. Sasa kumbuka Nabii Yunus: mabaharia wanapiga kura wajue dhoruba imekuja kwa ajili ya nani. Fanya hivyo hivyo, kila aliyemo melini anapiga d20 (kete ya pande 20) mbele ya wote pamoja na mabaharia wako, ya chini ndo yenye lawama. Usichakachue kete. Ikimwangukia kijana wa jikoni asiye na kosa ndo bora zaidi, maana sasa wachezaji wanajua nani ana kosa na wanatazama mtoto wa watu anafungwa kamba. Mezani kwangu hapo ndo mwizi alisimama mwenyewe akasema ni mimi, na sikuwa nimeandika chochote.

Vipande vya tatu na nne ni usingizi. Spelli (uchawi) ya Dream, levo ya 5, ukiigeuza jinamizi mlengwa anapiga sevu ya Wisdom (busara), akikosa ule usingizi haumsaidii kitu na anaamka na maumivu ya 3d6 (kete tatu za pande sita). Anayeituma akiwa na unywele au ukucha wake, sevu inapigwa kwa disadvantage (kete mbili, unachukua ya chini), kwa hiyo siku moja kabla mwache kinyozi fulani afagie nywele zao kwa makini kupita kiasi. Kumbuka kleriki (kuhani) hana Dream kwenye orodha yake, mtafute woloki (mchawi wa mkataba) wa huyo mungu, wachezaji wajuaji wataliona hilo.

Cha tano ni laana, na hapa jamaa yangu alitaka kuweka Bestow Curse ya kudumu. Shida ni mbili. Ya kudumu inataka sloti (nafasi ya kutumia uchawi) ya levo 9, ya levo 5 inakaa masaa 8 tu. Na kleriki wa levo 5 ana Remove Curse, ghadhabu ya mungu imefutwa kwa sloti moja kabla ya chai. Madiiemu wengi hapa wanasema "haifanyi kazi, hii ni laana ya mungu." Mi sipendi kabisa hiyo, umemnyang'anya mtu kitu alichokichagua mwenyewe. Iache ifanye kazi. Laana iishe. Kesho ije nyingine, na keshokutwa, kila siku kleriki anaamka akijua sloti moja si yake tena. Hayo ni makato kama ya mkopo, watu wazima wanayaelewa haraka.

Cha sita, bahari inakuja. Mara nyingi hamfiki.

Hatua ya 6: Bei ya kutokea

Iandike kabla hujajaza kipande cha kwanza, la sivyo utaipandisha ukiwa na hasira. Kwa wizi: kurudisha vyote, kuongeza kitu kinachowauma wao wenyewe, na kufanya hivyo mchana watu wakiona. Wasipotaka, kuhani anawapa kazi chini ya Geas (uchawi wa kumlazimisha mtu atii), siku 30, ukienda kinyume 5d10 ya psychic (maumivu ya akili), mara moja kwa siku. Wastani wake 27 na nusu, mchawi wa levo 5 anaweza kulala hapo hapo, kwa hiyo waambie namba wazi kabla hawajakubali. Wakikimbilia kwa Valkur, mungu wa mabaharia asiyepatana naye, waruhusu, ila sasa wameingia kwenye ugomvi wa wakubwa na duara jipya linaanza.

Jamaa yangu alifuta lile wimbi. Jana kanitumia picha ya duara lake: watatu wamerudisha dhahabu, yule aliyekojoa amegoma kuomba msamaha, kipande cha nne kimejazwa, na kinyozi ameshapata nywele zake.