Kupanga mji mpya kwenye hekta 100: viwanja vichorwe mwisho

Michoro mingi ya miji mipya huanza na viwanja kwa sababu ndivyo vinavyouzwa. Maji ya mvua, barabara na shule hubanwa kwenye masalia. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Mfano wetu ni hekta 100, yaani kilomita 1 ya mraba, pembezoni mwa mji wa Tanzania. Lengo ni watu 15,000, kiwango cha chini ambacho UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, inapendekeza kwa kilomita ya mraba.

Hatua ya 1: Soma ardhi

Mpima akupe ramani ya kontua (mistari ya kimo cha ardhi) za nusu mita. Chora kila mkondo, hata korongo linalokauka miezi tisa, kisha waulize wenyeji maji ya masika yalifika wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa, kwa hiyo piga mstari huo kabla ya mwingine wowote. Penye mteremko unaozidi asilimia 20, acha miti. Fidia ya wanaolima hapo imalizwe kabla ya mchoro kuidhinishwa. Kigingi kilichowekwa katikati ya mahindi ya mtu hakilali mahali pake.

Hatua ya 2: Hesabu maji ya mvua

Zidisha mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi badala ya kuzama) kwa ukali wa mvua (milimita kwa saa) na eneo (hekta), kisha gawa kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Kwa mvua ya milimita 60 kwa saa:

- pori, mgawo 0.2: 0.2 × 60 × 100 ÷ 360 = 3.3
- mji uliojengwa, mgawo 0.6: 0.6 × 60 × 100 ÷ 360 = 10

Mapaa na lami vimeongeza mita za ujazo 6.7 kila sekunde, na zote zinamwendea jirani wa chini. Kuzizuia kwa nusu saa kunahitaji bwawa la karibu mita za ujazo 12,000. Likiwa na kina cha mita 1.5, linachukua hekta 0.8; ukiongeza kingo na njia ya katapila, tenga hekta 1.2. Kiangazi patakuwa uwanja wa mpira.

Mabwawa haya hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mchanga: chimba shimo la kuunasa kwenye mlango wa maji, lisafishwe kabla ya kila msimu wa mvua. Ya pili ni tamaa. Eneo lililoandikwa "wazi" tu kwenye ramani huonekana kiwanja kisicho na mwenyewe. Lipe namba yake, lipimwe na kumilikishwa halmashauri.

Hatua ya 3: Maji safi na maji taka

Watu 15,000 kwa lita 80 kila mmoja ni mita za ujazo 1,200 kwa siku. Weka 1,500 kufidia uvujaji. Kisima cha mita za ujazo 20 kwa saa, kikisukuma saa 16, kinatoa 320. Utahitaji visima vitano na kimoja cha akiba. Usiamini namba ya mchimbaji hadi kisima kisukumwe saa 24 mfululizo huku kina cha maji kikipimwa.

Asilimia 80 ya maji hayo hurudi kama maji taka. Mabwawa ya kuyatibu yatakula kama hekta 4, yawe sehemu ya chini kabisa, upande ambao upepo hauyaelekei makazi, mita 200 au zaidi kutoka nyumba. Bomba la kipenyo cha milimita 150 linataka mteremko wa 1 kwa 150: kila mita 600 limeshuka mita 4. Ukilipitisha kinyume na mwelekeo wa ardhi, utachimba mahandaki au utalipia pampu milele.

Hatua ya 4: Barabara

UN-Habitat inashauri kilomita 18 za barabara na asilimia 30 ya ardhi. Hiyo ni mitaa inayokatana kila mita 110 hivi, umbali ambao mama mwenye ndoo hauoni mrefu. Mgawanyo unaofaa:

- kilomita 3 zenye upana wa mita 30 (hekta 9)
- kilomita 5 za mita 20 (hekta 10)
- kilomita 10 za mita 12 (hekta 12)

Jumla hekta 31. Kwenye ile ya mita 12, njia ya magari ni mita 6, mtaro mita 1 kila upande, kisha mita 2 za waenda kwa miguu. Bomba la maji safi lipite upande mmoja, nguzo za umeme mwingine. Mwenye mradi atakuomba upunguze hadi mita 8. Kataa: ukuta ukishajengwa, gari la zimamoto halina pa kupita.

Hatua ya 5: Ardhi ya wote

Chukua mtoto 1 wa shule ya msingi kwa kila watu 6: watoto 2,500, kwa 45 darasani ni vyumba 56, yaani shule tatu. Pamoja na zahanati, soko na nyumba za ibada, tenga hekta 10. Soko likae kwenye kituo cha daladala. Likiwekwa kwingine, magenge yatahamia barabarani yenyewe.

Hatua ya 6: Sasa viwanja

Ukitoa barabara, ardhi ya wote, mabwawa, na kama hekta 12 za kingo za mito na miteremko ya Hatua ya 1, zimebaki hekta 42. Ukizikata zote mita 20 kwa 20, unapata viwanja 1,050. Kwa wastani wa kaya ya sensa ya 2022, watu 4.3, hao ni 4,500 tu, na gharama ya mabomba imebaki ileile. Changanya: viwanja 400 vya aina hiyo (hekta 16), nyumba 1,000 zilizoungana ukuta kwenye mita 8 kwa 20 (hekta 16), na maghorofa ya sakafu nne yenye nyumba 2,100 (hekta 10). Kaya 3,500 zimeenea.

Wajenzi na wauza mboga wapewe nafasi katika mchanganyiko huo tangu mwanzo. Brasília, mji mkuu mpya wa Brazil, ilizinduliwa 1960, lakini Taguatinga, makazi ya waliokosa nafasi ndani yake, ilianzishwa 1958, mji mkuu haujafunguliwa.

Hatua ya 7: Awamu za ujenzi

Anzia chini kwenda juu: bwawa, bomba kuu la maji taka, mitaro, kisha barabara. Kabla ya lami, laza mabomba matupu chini ya kila makutano, mawili kwa umeme na nyaya za intaneti, moja kwa maji. Ziba ncha zake kwa zege jepesi, na pigilia alama kwenye ukingo wa barabara. Fundi wa mwaka kesho hataona ramani yako.