SOMO: Kuchora mikoko na matope maji yakipwa

Tumalize ubishi kwanza: Bagamoyo jua halizami baharini. Linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji, huko kwenye minazi. Nasema hivi kwa sababu naletewa sana picha ya jahazi jeusi mbele ya jua jekundu, chini imeandikwa "Bagamoyo jioni". Ukiwa Mji Mkongwe, Unguja, sawa, pale unatazama magharibi. Huku bara hapana. Aliyekaa ufukweni hata jioni moja hakosei hilo.

Leo tunachora kitu kimoja tu: mikoko, matope na anga asubuhi maji yakiwa yamepwa. Ukubwa ni sentimita 40 kwa 50, rangi ni za akriliki.

Hatua ya 1: Soma maji kabla hujabeba brashi

Bahari inatoka mbali zaidi siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Tatizo ni kwamba siku hizo, pwani yetu, maji yanafika mwisho wa kupwa kama saa nne au saa tano asubuhi. Saa hizo jua liko juu, vivuli vimekufa, kila kitu kimekuwa cheupe na bapa. Ukienda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, nako maji hayatoki sana, matope unayoyataka yamefunikwa.

Mimi naenda siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu. Kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, siku hizo yanamaliza kupwa kati ya saa mbili na saa tatu. Nafika saa kumi na mbili na nusu, jua ndilo kwanza linatoka, maji yanaondoka mbele yangu na mwanga bado uko chini. Hapo una saa moja na nusu ya kazi, mbili ukibahatika. Angalia pia jedwali la maji, na ukikosa muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kutazama karatasi.

Hatua ya 2: Vifaa

Turubai la dukani ni ghali. Nunua kitambaa cha marekani, kivute kwenye fremu ya mbao, kipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani uliyochanganya na gundi ya mbao kidogo. Paka mara mbili, piga msasa laini katikati. Rangi chukua tano: nyeupe, buluu nzito, njano ya limau, njano ya udongo na nyekundu ya matofali. Nyeusi iache nyumbani. Buluu nzito na nyekundu ya matofali zikichanganywa zinatoa giza zuri kuliko nyeusi ya kwenye tyubu, ambalo unaweza kulipeleka kwenye ubaridi au kwenye joto unavyotaka.

Akriliki kwenye jua la pwani inakauka kabla hujageuza shingo. Weka rangi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, chini utandike kitambaa kilicholowa, juu yake karatasi ya kuokea. Beba na kichupa cha kunyunyizia maji.

Hatua ya 3: Rangi ya chini

Fanya hii nyumbani, jana yake. Turubai lote lipake nyekundu ya matofali iliyozimuliwa kwa maji mengi. Usiulize sana kwa nini, fanya. Kesho ukiweka kijani na kijivu juu yake utaona vipande vya wekundu vinachungulia, na picha nzima inapata damu.

Hatua ya 4: Mchoro mdogo

Penseli, karatasi ya ukubwa wa kiganja, vivuli vitatu tu: giza, kati, mwanga. Dakika kumi. Pembeni andika saa, upepo unatoka wapi, na jua liko juu ya kitu gani. Hayo maandishi ndiyo yatakayokuokoa ukirudi nyumbani.

Hatua ya 5: Anga na matope kwa mkupuo mmoja

Wanaoanza wanachora anga kwa buluu, halafu wanatafuta rangi ya matope kwenye kopo la hudhurungi. Matope yaliyolowa ni kioo. Yatazame vizuri: yamebeba anga. Kwa hiyo ile rangi uliyochanganya kwa ajili ya anga usiimalize, iongezee njano ya udongo kidogo na nukta ya nyekundu, ishushe giza hatua moja, uipake chini. Mwanga ukiakisiwa hufifia kidogo, na giza likiakisiwa hupauka kidogo. Ukilishika hilo, matope yatalala yenyewe. Usipolishika, utachora ukuta uliosimama mbele ya bahari.

Vimfereji vya maji yanayotoka vichore mwisho kwa brashi bapa, mpigo mmoja. Ukirudia mara mbili umeharibu.

Hatua ya 6: Mikoko

Hapa ndipo kijani kinapomaliza watu. Kijani cha kwenye tyubu kinapiga kelele kama redio ya daladala. Changanya chako: buluu nzito na njano ya udongo kwa vivuli, buluu na njano ya limau kwa majani yanayopigwa na jua, na kila kijani kitie nyekundu ya matofali kidogo kukituliza.

Pia mikoko si mti mmoja. Mkoko wenyewe una mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, jani lake lina umanjano. Mchu una jani ambalo chini yake ni la kijivu, upepo ukiligeuza mti wote unang'aa kama samaki. Vipumulio vyake, yaani mizizi ya kupumulia, vinachomoza kwenye matope vyembamba kama penseli. Mlilana vipumulio vyake ni vinene, vimechongoka. Huhitaji kuchora jani moja moja. Kunja macho uone mafungu matatu ya kijani, yapake kama mafungu, kisha uchague mizizi mitano au sita tu iliyo karibu uichore kwa uangalifu. Jicho la mtazamaji litajaza iliyobaki.

Hatua ya 7: Chombo

Si lazima uweke ngalawa. Ukiiweka, iwe ya kweli. Mwaka fulani nilikuwa najivunia picha yangu: mawimbi yanasukumwa na kusi, upepo utokao kusini, minazi imelala kaskazini, na ngalawa mbili zimetweka. Mzee mmoja mvuvi akasimama nyuma yangu kitambo, kikombe cha kahawa mkononi, akaniuliza: "Mwanangu, huyu anasafiri kwa upepo wa nchi gani?" Tanga nilikuwa nimelivimbisha kuelekea kusini. Minazi inakwenda huku, chombo kinakwenda kule. Akanionyesha na foromali, ule mti unaofungwa tanga, kwamba haikai wima kama mlingoti wa bendera. Nilifuta tanga zote mbili nikaacha ngalawa zimelala matopeni juu ya mirengu yao, zile mbao za pembeni, na picha ikawa bora.

Hatua ya 8: Acha

Vivuli vikishahama, funga kopo. Ukiendelea utakuwa na mwanga wa saa moja upande mmoja na wa saa tatu upande wa pili. Rudi kesho saa ileile, au kama alivyofanya mchoraji Claude Monet, beba turubai kadhaa na ubadilishe kadiri mwanga unavyobadilika. Ila maji yatazame. Monet huyohuyo, Étretat, Ufaransa, mwaka 1885, alidhani bahari inatoka kumbe inaingia. Wimbi likambamiza kwenye mwamba na kubeba vifaa vyake.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Mwanza, ziwani hakuna kupwa na kujaa. Nifanyeje?*
Marahaba. Wewe una magugu maji. Yanasukumwa na upepo, asubuhi yako huku, mchana yameshahamia ng'ambo. Yachore kwanza, mawe yatakusubiri.

*Naweza kuchora kwa picha ya simu?*
Kwa umbo la mizizi na chombo, ndiyo. Kwa rangi, hapana. Simu inafanya vivuli kuwa vyeusi tii na anga kuwa nyeupe, na ukiinakili hivyo itaonekana.

*Rangi ya mafuta ya dukani, ya kupaka milango, inafaa?*
Edward Saidi Tingatinga alianza nayo Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya hadibodi, na leo jina lake ni jina la mtindo. Kwa hiyo inafaa, ila chorea nyumbani. Haikauki upesi, ufukweni itakusanya mchanga mpaka picha iwe msasa. Na usiipake kwenye marekani ukakunja, itapasuka.

*Wateja wangu wanataka machweo tu, mapambazuko hawayataki.*
Mimi pia nauza machweo, sijifichi. Napanda boti, nakaa Forodhani, Unguja, jioni mbili, nachora huko. Ya Bagamoyo naandika nyuma "asubuhi" kwa herufi kubwa. Mteja akiyaita machweo nyumbani kwake, hiyo ni hiari yake.

*Kaka, mimi ni mwanamke, nikichora ufukweni watu wanajaa nyuma yangu nashindwa kutulia.*
Dada, tafuta mashua iliyopandishwa pwani, egemeza mgongo kwenye ubavu wake, hakuna atakayekaa nyuma yako. Watoto watakuja mbele, wape karatasi na vipande vya mkaa wachore nao. Na chombo unachotaka kukichora, msalimie mwenyewe kwanza na umweleze. Mimi sikumsalimia. Nilifika nusu ya mashua, mwenyewe akaisukuma majini akaenda zake. Picha ninayo bado, ina tezi haina omo.