Jinsi ya kukarabati kuta za nyumba ya enzi ya Mjerumani kwa chokaa

Ukipita mitaa ya zamani ya Tanga, Pangani au Bagamoyo utaziona: nyumba zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, varanda pana na madirisha marefu ya luva. Nyingi zilijengwa kati ya miaka ya 1890 na 1914. Uzee unazichosha, lakini kinachozimaliza mara nyingi ni ukarabati wenyewe. Mwenye nyumba anaona lipu imebabuka, anaita fundi, fundi anapiga saruji, na baada ya masika mbili tatu ukuta unakuwa mbovu kuliko ulivyokuwa. Nimeandika haya kwa mwenye nyumba na kwa fundi mwashi mwenzangu anayetaka kazi idumu. Nitakaa zaidi kwenye kuta, maana huko ndiko nyumba hizi zinakofia.

Hatua ya 1: Isome nyumba kabla ya kushika nyundo

Anza na upana wa vyumba. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda, kwa hiyo vyumba vyembamba na virefu vyenye boriti darini hukuambia kwamba pengine nyumba ni ya mfanyabiashara wa pwani, na Mjerumani aliikuta akaongeza varanda na ngazi. Vyumba vipana vyenye mihimili ya chuma ni kazi ya wakati wake. Nyumba moja inaweza kuwa na vyote viwili, na kila sehemu ina namna yake ya kubeba mzigo.

Kisha chukua kisu kikali, tafuta pembe ya dirisha ambayo mvua na jua havijaifikia, ukwangue eneo la ukubwa wa kiganja. Kwangua taratibu, tabaka moja moja. Juu utakuta rangi ya mafuta, ngumu na yenye kung'aa, ya miaka ya karibuni. Chini yake huja chokaa iliyotiwa rangi, labda samawati iliyopauka au manjano ya udongo, tabaka juu ya tabaka, jembamba kama ganda la kitunguu. Chini kabisa ni nyeupe tupu. Piga picha kila tabaka na uandike chumba gani. Hiyo ndiyo historia ya nyumba, na ukishaibandua haipatikani tena.

Ujue pia ni kazi ya nani. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na mwaka huohuo mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge, ambayo 62 tu ndiyo iliyofika hai. Fedha ya reli na mashamba ndiyo iliyokuza mji. Lakini kujenga kwa matumbawe na chokaa hakukuja na meli kutoka Hamburg. Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani ilijengwa hivyo karne ya 14. Waashi wa pwani walikuwa na ujuzi huo tayari, na wengi wa waliobeba mawe walikuwa watu waliobanwa na kodi ya nyumba iliyoanza 1898. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie nyumba hizi si zetu.

Hatua ya 2: Uliza sheria

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba ya Mjerumani ni ya baadaye, hivyo inalindwa pale tu inapotangazwa rasmi. Uliza Idara ya Mambo ya Kale na halmashauri yako kabla ya kuanza. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake.

Hatua ya 3: Zuia maji

Paa kwanza, kisha mifereji, kisha udongo unaozunguka nyumba. Kama udongo umepanda ukafunika msingi, uchimbe urudi chini ya usawa wa sakafu, na maji yapate njia ya kuondoka. Ukikuta paa la asbestosi, usilivunje wala kulikata mwenyewe. Vumbi lake linaua mapafu.

Hatua ya 4: Hakikisha nyumba inasimama

Ingiza bisibisi kwenye ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa au maji vimeshamaliza kazi. Juu ya kila ufa mkubwa bandika kipande chembamba cha jasi na uandike tarehe. Jasi ikipasuka, ukuta bado unatembea, na hapo ni mhandisi anayehitajika. Usiondoe boriti wala kuchimba ukuta kabla ya kuweka miti ya kuegemeza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Jengo la zamani linapoguswa ndipo huwa dhaifu zaidi.

Hatua ya 5: Toa saruji

Jiwe la matumbawe lina matundu. Hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia usoni mwa ukuta. Saruji huufunga uso huo, maji yakabaki ndani pamoja na chumvi. Bandua kipande cha lipu ya saruji kilichovimba ukigeuze: mgongoni utaona unga mweupe wa chumvi, na jiwe la nyuma limekuwa laini hadi unalikwaruza kwa ukucha.

Toa kwa patasi na nyundo ndogo, ukianzia sehemu zilizovimba. Mashine ya kupiga hutikisa mawe yote. Ukuta ukishakuwa wazi, piga brashi kavu, kusanya unga wa chumvi na uutupe mbali, kisha acha ukuta upumue msimu mzima wa kiangazi ukiweza.

Hatua ya 6: Andaa chokaa

Tanuu la kienyeji ni rundo la magogo lililopangwa duara na mawe juu yake. Tumia mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Usichimbe matumbawe ya baharini. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi jiwe hutoa hewa ukaa na kubaki chokaa kali.

Chokaa hiyo unaitia wewe ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimwagie maji juu ya chokaa, italipuka usoni. Itachemka yenyewe. Vaa miwani na glavu, na uwe na ndoo ya maji safi karibu. Koroga hadi iwe uji mzito, chekecha, ifunike na maji juu yake, uiache angalau mwezi. Mimi napenda ya miezi mitatu. Inanata kwenye mwiko kama siagi.

Hatua ya 7: Piga lipu

Chokaa kipimo kimoja, mchanga vipimo vitatu. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimo, wenye chembe kubwa na ndogo, usiwe wa pwani. Kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua ongeza unga wa matofali ya kuchoma. Husaidia chokaa kushika hata penye unyevu.

Lowesha ukuta tangu jana yake. Tabaka moja lisizidi sentimita moja. Likianza kukaza, libane kwa mwiko wa mbao, likwaruze, kisha lifunike kwa magunia mabichi. Hapa ndipo haraka huharibu: chokaa hushika kwa kuvuta hewa ukaa polepole, na jua la saa saba mchana likiikausha kabla, itabaki unga. Ngoja wiki moja hadi siku kumi kabla ya tabaka la pili. Malizia na niru, yaani lipu laini ya chokaa ya juu kabisa, milimita mbili au tatu.

Hatua ya 8: Paka chokaa

Izimue hadi iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta uwe na unyevu. Paka mara nne au tano, nyembamba, kila mkono ukauke usiku mzima. Mkono wa kwanza utaonekana kama hujapaka kitu. Usiongeze uzito, utabanduka. Ukitaka rangi, rudi kwenye picha za kisu chako na uchague mojawapo ya zile ulizozikuta. Rangi ya mafuta au ya plastiki usiiruhusu ndani ya geti, maana itarudisha kila ulichokitoa.

Kuta za nje zipakwe tena kila baada ya mwaka au miwili, mwisho wa kiangazi, kabla masika hayajaingia.