Somo: Mwenzako ana mpango wa kando (mpenzi wa nje ya ndoa). Ni kesi gani inasimama kortini?

Malalamiko ambayo afisa wa zamu haishi kuyasikia, kituo cha polisi cha Kondele au cha Bondeni, ni haya: "Huyu amelala na mke wangu, nataka ashikwe." Hashikwi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, haina kosa la uzinzi. Ukiona mtu amewekwa seli kwa sababu hiyo tupu kisha anaambiwa "ongea vizuri na mwenye mke", hapo kuna watu wanachuma pesa, hakuna kesi. Polisi wana kazi pale tu uzinzi unapofuatana na jambo lingine. Ukiwa peke yake, njia yake ni ombi la talaka.

Hatua ya 1: Jua ndoa yako ni ya aina gani

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano. Ya Kikristo, ya kiserikali na ya Kihindu ni za mke mmoja. Ya kimila na ya Kiislamu zinamruhusu mume kuongeza. Usiruke hatua hii, maana kitendo kile kile kinaweza kuwa jinai kwa jirani yako na kwako kisiwe kitu.

Hatua ya 2: Angalia kama kuna jinai

Iliyo karibu zaidi ni kufunga ndoa juu ya ndoa, kifungu cha 171, kifungo hadi miaka 5. Kinachoadhibiwa ni sherehe. Mume akipangia mwanamke nyumba Milimani, akazaa naye na kumlipia kodi miaka kumi, bado hajaingia kwenye kifungu hiki. Akisimama naye mbele ya msajili au padri huku ndoa yako ya kanisani ingali hai, ameingia.

Unahitaji nakala ya cheti chako iliyoidhinishwa na Msajili wa Ndoa, uthibitisho wa sherehe ya pili, na uthibitisho kwamba siku ile ndoa yako haikuwa imevunjwa. Kesi hizi huanguka hasa kwenye sherehe ya pili: mlalamishi anakuja na picha za keki na gauni, cheti hana, wala shahidi aliyesikia viapo. Tena sheria ina mwanya: mwenzi aliyetoweka miaka 7 mfululizo bila habari kwamba yu hai ni utetezi. Ripoti kituoni, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Kama harusi haijafanyika, usingoje ifanyike ndipo ushtaki. Ndoa ya kiserikali hutanguliwa na notisi ya siku zisizopungua 21. Ya kanisani hutangazwa. Peleka pingamizi la maandishi, na nakala ya cheti, kwa msajili au kwa msimamizi wa kanisa. Hakuna dawa ya bei nafuu kuliko hii.

Makosa mengine ya kutazama: "mpango" aliye chini ya miaka 18 ni unajisi, ndoa au siyo ndoa. Na anayejua ana virusi vya Ukimwi akamwambukiza mwenzake makusudi anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15 chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, hata kama wameoana.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi bila kujitia wewe kizimbani

Hapa ndipo mwenye haki hugeuka mshtakiwa. Kuingia kwenye simu ya mwenzako bila idhini, au kuweka programu ya kunasa ujumbe wake, ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018: faini hadi milioni 5 au miaka 3 kwa kuingia, milioni 10 au miaka 5 kwa kunasa. Kusambaza picha za faragha za waliofumaniwa ni hadi shilingi 200,000 au miaka 2. Ile video ya kwenye kundi la ukoo, kila aliyeituma mbele amejiweka hatarini.

Kinachofaa ni ujumbe ulioingia kwenye simu yako mwenyewe, taarifa ya M-Pesa ya akaunti yako, mashahidi walioona mazoea ya wawili hao, au mtoto aliyezaliwa nje na kukiriwa. Picha za skrini ziambatane na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa gani kilitumika na nani alizitoa. Bila hicho wakili wa upande wa pili atasimama, na mtiririko wako wote wa ujumbe utawekwa kando. Hakuna anayedai uwaone kitandani. Korti inaweza kukisia kutokana na mazoea na nafasi waliyokuwa nayo. Lakini kuonekana tu kwenye gari moja hakutoshi.

Hatua ya 4: Fungua ombi la talaka

Ni katika mahakama ya hakimu iliyo karibu: Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma. Waislamu huenda kwa Kadhi. Uzinzi ni sababu inayotosha, na tendo moja likithibitishwa linatosha. Andika tarehe, mahali na jina. Ombi linalosema "ana tabia mbaya" ni jepesi mno. Ongeza sababu nyingine kama zipo, kwa mfano ukatili au ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika, ili uzinzi ukikosa ushahidi ombi lisife nao. Malipo na nyaraka hupitia mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, kisha nakala zimfikie mlalamikiwa na aliyezipeleka aape hati ya kiapo. Hati hiyo ikikosekana, siku ya kusikizwa inaahirishwa.

Maswali ya wanachama

*Kakamega: Tulioana kimila, ng'ombe hawajaisha. Sasa ameoa mwingine kwa msajili. Nina haki?*
Unayo, dada. Aliye kwenye ndoa ya kimila hawezi kufunga ya mke mmoja na mtu mwingine. Hiyo ya pili ni batili. Mahari haihitaji kuisha, sehemu ndogo inatosha kuthibitisha. Leta wazee waliokaa siku ile na orodha ya mahari. Barua ya chifu inasaidia, ila peke yake ni dhaifu. Angalia tu: angemwoa huyo wa pili kimila, hakungekuwa na jinai.

*Busia: Ng'ambo wanasema Uganda unafungwa kwa uzinzi.*
Walikuwa na kifungu cha 154. Mahakama ya Katiba iliking'oa mwaka 2007 kwa kuwa kilimbana mke kuliko mume. Tanzania ndiko unaweza kumdai fidia aliyezini na mwenzi wako, na hiyo ni madai, si jinai.

*Nakuru: Nilimfumania jamaa nikamtandika. Wazee wanataka alipe fahali, yeye amechukua P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha).*
Mzee, P3 yake ina nguvu kuliko fahali wako. Kumjeruhi ni hadi miaka 5. Wazee wakipatanisha kwa hiari, sawa. Wakimtisha ili alipe, wamefanya kosa lao. Na wanaodhani kumkuta kitandani kunahalalisha kuua: hasira ya ghafla inaweza kushusha mauaji hadi kuua bila kukusudia tu, ambako kifungo chaweza kuwa cha maisha.

*Kisumu: Ni njoo-tukae (tunaishi pamoja bila kufunga ndoa), miaka tisa. Nifungue talaka?*
Hakuna ndoa iliyosajiliwa ya kuvunja. Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilisema dhana ya ndoa, yaani kuwahesabu wanaoishi pamoja kuwa wameoana, itumike kwa nadra. Dai la watoto na la mchango wako kwenye mali unaweza kulifungua.

*Eldoret: Aliyezini ananyang'anywa shamba?*
Hapana. Mali ni kesi nyingine kando, chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na hugawanywa kwa mchango. Mahakama ya Juu, Januari 2023, ilikataa nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Mchango ni pamoja na kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba. Kwa hiyo tafuta risiti za saruji na mabati, rekodi za mkopo wa chama, na jirani aliyekuona ukipalilia.