Toa presha kwanza, ndipo uguse sensa ya unyevu

Kabla hujaigusa sensa ya unyevu kwenye laini ya hewa ya kompresa, funga vali, toa presha yote, kisha hakikisha mshale wa geji umelala kwenye sifuri. Sensa ikifunguliwa huku bar 7 ziko nyuma yake huruka kama risasi, na uso wako ndio uko mbele. Ukirudisha hewa, fungua vali polepole, maana presha ya ghafla huua kiini cha sensa.

Kwenye usahihi ndipo wengi hukosea. Kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke ulio hewani huanza kugeuka maji, hubadilika kwa hewa ile ile kufuatana na presha: nyuzi 3 za Selsiasi kwenye bar 7 ni kama -23 hewa hiyo ikishatoka nje. Kwa hiyo andika kila mara umepima kwenye presha ipi. Mpira wa kuchukulia sampuli achana nao, hata wa nailoni, kwa sababu unyevu wa nje hupenya humo. Tumia bomba fupi la chuma cha pua. Kiini usikishike kwa vidole. Na tafadhali subiri: kwenye hewa kavu sana, usomaji unaweza kuchukua saa kadhaa kutulia.