Somo: Kupanga uchapishaji wa faili zako, na la kufanya printa inapogoma

Ndugu wanachama, kipindi cha mitihani ya muhula na cha wanafunzi wa chuo kuwasilisha tasnifu, maduka ya stesheneri huku Arua hujaa watu wenye flashi mkononi. Malalamiko ni yale yale: jedwali limekatika, kurasa zimehama, herufi zimegeuka visanduku, printa inawasha taa na haichapi. Lawama zote huangukia mashine. Mimi kazi yangu ni hii, na nasema bila kusita: shida nyingi zimo ndani ya faili, au kwenye lile dirisha la kuchapa ambalo mtu hulipita mbio ili abonyeze "Print". Kila karatasi inayoharibika imelipiwa na mtu, mara nyingi mwanafunzi au mzazi wake. Kwa hiyo twende taratibu.

Majina ya vitufe nayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana kompyuta nyingi za hapa kwetu zimewekwa Kiingereza.

Hatua ya 1: Karatasi ya faili na karatasi ya mashine ziwe moja

Sisi Uganda tunatumia A4, yaani milimita 210 kwa 297. Wamarekani wanatumia Letter, milimita 216 kwa 279. Tazama tofauti hiyo: Letter ni pana kidogo lakini ni fupi kwa milimita 18. Ukinakili kiolezo kutoka intaneti, au ukitumia kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, faili yako itakuwa Letter bila wewe kujua. Ukiichapa, moja kati ya mawili hutokea. Ama programu inayabana maandishi ili yatoshe na kingo zinakuwa za ajabu, ama printa inasimama na kuandika "Load Letter" ilhali trei imejaa karatasi. Watu hufungua trei, hupanga karatasi upya, hufunga, na taa bado inawaka. Karatasi haina kosa. Mashine inasubiri saizi ambayo dukani humo haipo.

Kwenye Word, bonyeza Ctrl+A kuchagua waraka wote, nenda "Layout", kisha "Size", chagua A4. Usiruke hiyo Ctrl+A, kwa sababu tasnifu nyingi zina sehemu kadhaa, na bila hiyo utabadilisha sehemu moja tu. Ukishabadilisha, kurasa zitasogea. Bonyeza ndani ya orodha ya yaliyomo kisha F9 ili namba za kurasa zijirekebishe. Nimeona tasnifu zimejaladiwa huku sura ya tatu inatajwa kuanza ukurasa ambao ni katikati ya sura ya pili. Inauma, kwa sababu mwenyewe amehangaika nayo mwaka mzima.

Hatua ya 2: Igeuze kuwa PDF kabla hujatoka nyumbani

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Faili ya Word haibebi fonti zake isipokuwa umeiagiza. Ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, Word inaweka nyingine inayokaribiana, upana wa herufi unabadilika, mistari inasogea, na ukurasa wa 40 unakuwa wa 42.

Kwa wanaoandika lugha zetu shida ni kubwa zaidi. Mwalimu wa Luganda akiandika "eŋŋoma" kwa fonti aliyoipakua mwenyewe, dukani ile ŋ inaweza kutoka kisanduku kitupu, na mtihani mzima ukapoteza maana. PDF huzibeba fonti ndani yake, ndiyo maana inaonekana sawa kila mahali. Bonyeza "File", "Save As", kisha kwenye aina ya faili chagua PDF. Halafu ifungue hiyo PDF uisome yote, ukitafuta hasa herufi maalumu, majedwali na picha. Kama utahitaji kuhariri dukani, beba zote mbili, ila ile ya Word iendee "File", "Options", "Save", uweke alama kwenye "Embed fonts in the file".

Hatua ya 3: Lisome dirisha la kuchapa

Bonyeza Ctrl+P, kisha toa mkono kwenye kipanya. Tazama kwanza jina la printa, maana Windows ina tabia ya kuchagua yenyewe ile iliyotumika mwisho. Unaweza kuikataza kwenye mipangilio ya printa, kwa kuzima "Let Windows manage my default printer".

Kwenye Adobe Reader, chini ya "Size", kuna "Fit" na "Actual size". "Fit" inaupunguza ukurasa ili kingo zisikatwe, kwa sababu printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa. Kwa barua na notsi haina neno. Kwa kitu chenye vipimo, ni hatari. Fundi cherehani akichapa patani ya gauni kwa "Fit", mstari wa sentimita 10 unaweza kutoka sentimita 9.6, na nguo haitamwingia mwenyewe. Patani nyingi zina kiboksi cha kujaribia: chapa ukurasa huo mmoja kwa "Actual size", upime kwa rula, ndipo uendelee na nyingine.

Kuchapa pande mbili, chagua "Flip on long edge" kama kurasa zimesimama na unazifungua kama kitabu cha kawaida. "Flip on short edge" ni ya kurasa zilizolala, na ya vijitabu vya kukunja katikati. Kijitabu chenyewe kipo kwenye kitufe cha "Booklet". Karatasi moja ya A4 hubeba kurasa nne, kwa hiyo kijitabu cha kurasa 32 kinataka karatasi 8 tu. Kama printa yako haigeuzi yenyewe, chapa "Front side only" kwanza, kisha rudisha karatasi uchape "Back side only". Jaribu kwa karatasi moja uliyoitia alama ya penseli juu, ujue inaingia imeelekea wapi. Usianze na nakala ya darasa zima.

Hatua ya 4: Excel

Orodha ya wanafunzi ikitoka na safu ya mwisho peke yake kwenye karatasi nyingine, kwenye dirisha la kuchapa badilisha "No Scaling" iwe "Fit All Columns on One Page", na ulaze karatasi. Ili majina ya safu yajirudie kila ukurasa, tumia "Print Titles" kwenye "Page Layout". Basi.

Hatua ya 5: Foleni ikikwama

Umebonyeza, hakuna kitu. Umebonyeza tena, na tena. Sasa kuna kazi saba kwenye foleni, ya kwanza imeharibika na inazizuia zote. Ukijaribu kuifuta inaandika "Deleting" na kubaki hapo hapo. Fanya hivi:

1. Zima printa.
2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc.
3. Tafuta "Print Spooler", bonyeza kulia, chagua "Stop".
4. Fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani. Folda yenyewe iache.
5. Rudi, bonyeza "Start", kisha washa printa.

Utahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Ujue pia kwamba kazi zote zilizokuwa zikisubiri zitapotea, pamoja na za wenzako.

Hatua ya 6: Karatasi yenyewe

Karatasi hunyonya unyevu wa hewa. Walio Entebbe na Jinja, kando ya ziwa, wanaijua shida hii kuliko sisi: karatasi inajikunja, mbili zinaingia pamoja, zinakwama. Rimu ikishafunguliwa, ifunge ndani ya karatasi yake ya kufungia, usiiache wazi usiku. Kabla ya kuitia kwenye trei, ishike kwa mikono miwili uipepete, kisha sogeza vishikio vya trei viiguse bila kuibana.

Ikikwama, zima mashine, fungua mlango, vuta kwa mikono miwili kuelekea upande ambao karatasi ilikuwa inakwenda. Kisu na bisibisi viweke mbali. Kwenye printa ya leza, usiguse roli ya nyuma inayoyeyusha tona (wino wa unga) mpaka ipoe, inachoma.

MASWALI YA WANACHAMA

Ustadhi wa Bombo: Asalaam aleikum ndugu. Nachapa masomo ya madrasa. Kwenye skrini Kiarabu kiko sawa, lakini karatasini herufi zinatoka zimeachana, moja moja. Printa ni ya zamani.

Jibu: Waaleikum salaam ustadhi. Printa ya zamani huwa inaweka fonti yake badala ya ile yako, na hiyo haijui kuunganisha herufi za Kiarabu. Igeuze kazi iwe PDF, ifungue kwa Adobe Reader, Ctrl+P, bonyeza "Advanced", weka alama kwenye "Print As Image". Ukurasa utatumwa kama picha, hivyo printa haitagusa herufi. Itachukua muda zaidi, lakini maandishi yatatoka kama unavyoyaona. Kwa maandishi ya dini usikubali pungufu ya hapo.

Dada wa Mbale: Kila umeme ukikatika na kurudi, printa yetu ya Wi-Fi inasoma "Offline". Inabidi tuifute na kuiweka upya.

Jibu: Usiifute, dada. Ruta ikiwaka upya inaweza kuipa printa anwani nyingine, na kompyuta inabaki ikiita ile ya zamani. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uitengee printa anwani moja ya kudumu. Kisha kwenye "Printer properties", "Ports", ongeza "Standard TCP/IP Port" yenye anwani hiyo. Na kama ni ya leza, usiichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) ya kompyuta: ile roli ikipata moto huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na UPS inaelemewa.

Kijana wa Wandegeya: Wateja wananitumia picha za vyeti WhatsApp, zikitoka maandishi yana ukungu. Niongeze nini kwenye printa?

Jibu: Kwenye printa hakuna cha kuongeza. WhatsApp hubana picha inapotumwa kama picha. Waambie waitume kama "Document". Ukurasa mzima wa A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unataka pikseli 2480 kwa 3508, kwa hiyo tazama saizi ya picha kabla ya kumtoza mtu.

Mama Stesheneri, Busia: Doa jeusi linajirudia kwenye ukurasa, umbali ule ule. Nimebadilisha karatasi, bado.

Jibu: Mama, doa linalojirudia kwa umbali sawa linatoka kwenye kitu kinachozunguka, mara nyingi ngoma iliyo ndani ya katriji. Pima umbali huo kwa rula ulinganishe na mzunguko wa ngoma. Kama vinalingana, ngoma imekwaruzwa au ina kitu kimeganda juu yake. Ipanguse taratibu kwa kitambaa laini kikavu, usiiache kwenye mwanga. Likibaki, badilisha katriji. Ila kama wino unafutika kwa kidole, hilo ni jambo jingine: joto halitoshi, au umechapa kadi nzito huku mashine imepangwa karatasi ya kawaida. Badilisha "Paper type" kwanza kabla hujamwita fundi.

Mbunifu wa Kampala: Nilipeleka bango Nasser Road, mtaa wa wachapaji, buluu yangu ikatoka zambarau. Je, nidai pesa zangu?

Jibu: Kwanza fungua faili yako uone rangi zimepangwaje. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino wa sayani, magenta, njano na mweusi, ndiyo inayoitwa CMYK. Panga faili kwa CMYK tangu mwanzo, na kwenye buluu iliyoiva hakikisha magenta iko chini ya sayani kwa asilimia 30 hivi. Acha pia milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata. Na kabla hawajachapa nakala zote, omba nakala moja ya majaribio, itazame nje kwenye mwanga wa jua, uisaini. Wakichapa tofauti na hiyo uliyoisaini, hapo una haki ya kudai.