Somo: Kuitafuta ramani ya nyumba kongwe ya Tanga

Wengi wanaotaka kujua nyumba ya babu yao ilijengwaje hukimbilia Dar es Salaam kutafuta hati, nao hurudi mikono mitupu kwa sababu hawajui waombe nini. Mimi nashauri uanze na nyumba yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuchora. Chukua tepu, daftari na mtu wa kukushikia ncha ya pili, upime kila chumba, kila mlango na unene wa kila ukuta. Nyumba nyingi za Ngamiani, mtaa wa Tanga, zitakupa umbo lile lile: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko na choo. Panapotokea ukuta mwembamba kuliko wenzake, huenda uliongezwa baadaye. Uchore kwa kalamu ya rangi nyingine.

Hatua ya pili, inua macho. Katika nyumba za mawe na chokaa dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ndefu mno hupinda, upana wa chumba kwa kawaida haupiti mita 3 hivi, hata kama urefu wake ni mara mbili ya hapo. Ukikuta chumba kipana chenye mihimili ya chuma, huo ni mkono wa fundi mwingine. Juu ya paa, tahadhari na vigae vyekundu vya Mangalore, India: wapo waliousoma mwaka 1865 kwenye muhuri wa Basel Mission, shirika la wamisionari lililofyatua vigae hivyo, wakaapa kwamba nyumba ni ya mwaka huo, kumbe ndio mwaka kiwanda kilipoanza. Isitoshe, paa hubadilishwa.

Milango nayo huhama. Niliwahi kuandika kwamba nyumba fulani ilijengwa kabla ya Wajerumani, kwa ushahidi wa mlango wake wa nakshi tu, mpaka seremala mmoja aliponionyesha kwamba fremu ilikatwa vidole vinne juu, katikati ya ua lililochongwa, ili ienee mahali pake. Mlango ulitoka nyumba nyingine.

Sasa ndipo uende kwenye karatasi. Pata namba ya kiwanja katika ofisi ya ardhi, kisha uende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako majalada ya Wajerumani na ya Waingereza yamehifadhiwa. Ramani yenye vipimo vya mita yaelekea kuwa ya Wajerumani. Yenye futi yaelekea kuwa ya Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo imeweka mtandaoni picha za zama za Wajerumani, zinazotazamwa bila malipo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nitajuaje rangi ya kwanza ya vyumba vyetu, na vyombo vilivyokuwamo?*

Marahaba. Tafuta pembe iliyojificha nyuma ya mlango, ukwangue kwa wembe eneo dogo kama ukucha, tabaka moja baada ya jingine. Ukifika kwenye chokaa yenye ubuluu wa nili, simama upige picha. Kwa vyombo, tazama picha za arusi za familia, lakini usimtazame bibi arusi. Tazama kilicho nyuma yake: kitanda cha besera, kasha, saa ya ukutani. Kisha waulize wazee kila kimoja kilikaa wapi.

*Nyumba yetu ni ya miti na udongo, nayo imepigwa plasta ya saruji. Je, bado ina la kusema?*

Inalo. Usibandue plasta, angalia ilipopasuka yenyewe, hasa chini ya madirisha, utaziona fito.

*Nyumba ya mwaka 1910 inalindwa na sheria?*

Si yenyewe kwa yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye hulindwa yakitangazwa rasmi. Kwa hiyo ukisikia jirani yako ameita mafundi wa kubomoa, mwombe akupe siku moja uingie na tepu.